MAKAO YA MKE ALIYEDHULUMIWA

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake, suala ni hili: mke apigwaye na mumewe, akakimbilia usiku kwa babake au kwa nduguye, je, afunguliwe mlango, au arudishwe kwa kuchelea maneno ya watu?

Wako wasemao: "Mke atokaye bila ya idhini ni nashiza, na arejee kwa mumewe, ndiyo sitara." Jawabu: hao wameshika nusu ya hukumu wakaiacha nusu ya pili. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake cha Minhaji ni tegemeo la Mashafii wa pwani, ameitaja hukumu hiyo, kisha akamvua mke ambaye nyumba yake inakaribia kuanguka. Basi ikiwa ana ruhusa kuukimbia ukuta usio na nia, vipi azuiwe kuukimbia mkono uliokusudia kumuumiza?

Tena Imamu Maliki amepokea katika Muwatta habari ya Habiba binti Sahli, mke wa Thabiti bin Kaisi. Mtume alipotoka kwenda kuswali alfajiri alimkuta mlangoni pake gizani. Na katika mapokezi ya Abu Dawudi imetajwa kuwa mumewe alimpiga hata akamvunja kiungo. Mtume hakumwambia arudi akavumilie. Mume aliitwa, mahari yakarejeshwa, wakaachana. Naye Habiba akakaa kwa jamaa zake. Jamaa hao wangalimfungia mlango, hukumu ile ingalimfaa nini?

Kwa hiyo kumrudisha mwenye jeraha si sulhu. Sulhu ni ya watu wawili wenye amani, na mwenye hofu hukubali lolote apate kusalimika usiku ule. Yatangulie makao, ndipo yafuate maneno.

Na makao si chumba tu. Mwenye kumpokea asitangaze barazani alipo. Awapokee na watoto wake. Ampeleke kwa tabibu jeraha liandikwe, kisha kwa polisi na kwa kadhi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na jeuri ya nyumbani yampa hakimu uwezo wa kumtoa mume katika nyumba wakaayo, ijapokuwa ni milki yake mume.

Ama aibu ya watu, hiyo hupita kwa siku chache. Lakini baba aliyemrudisha binti yake, akaletewa maiti yake kuizika, ataulizwa kwa Mola wake juu ya mlango alioufunga. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.