Kungoja Jibu na Adabu ya Dua

Kijana mmoja wa Tabora, anayesoma mwaka wa kwanza katika chuo kikuu, ameniletea swali ambalo yafaa tulitafakari sote, wazee kwa vijana. Aliomba kuhamia chuo kingine, katika masomo aliyoyatamani tangu alipokuwa sekondari. Majuma yamepita na jibu halijafika. Anakiri kwa haya kwamba alfajiri huitazama simu yake kabla ya kutia udhu. Anauliza mambo mawili. Kwanza, je, wasiwasi huu si dalili ya upungufu wa imani? Pili, ikiwa wakubwa wa chuo wamekwisha kukata shauri, dua anazoomba usiku zitabadili nini?

Ndugu msomaji, usilidharau swali hili kwa kuwa ni la kijana. Anayeomba kuhama hungoja kwa namna ya pekee, maana tayari anayo nafasi, ila moyo wake umekwisha kuiacha. Shurti chuo anachokitaka kiwe na nafasi, naye awe na sifa zinazotakiwa, na Tume ya Vyuo Vikuu iridhie. Hayo yote yamo mikononi mwa watu asiowajua. Wakati huo huo mihadhara ya alipo inaendelea, naye hukaa humo kama abiria aliyekwisha kufunga mizigo.

Mji wa Tabora waijua kazi ya kungoja tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea karibu miezi mitatu hadi kufika Unyanyembe, na hapo wengi walikwama: wapagazi wameishiwa na mkataba, mvua zimeanza, au njia imefungwa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na wafanya biashara Waarabu, na njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley alifika Tabora mwezi wa Juni mwaka huo, akakaa karibu miezi mitatu. Alipoona njia haifunguki, aliondoka mwezi wa Septemba kwa kuzunguka upande wa kusini, akafika Ujiji mwezi wa Novemba.

Mwaka uliofuata aliyengoja alikuwa Livingstone. Stanley alimwacha Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 14 Machi 1872, akaenda pwani kumtafutia watu wa safari. Mzee yule alingoja miezi mitano na zaidi. Watu wakafika mwezi wa Agosti, naye akaondoka tarehe 25 ya mwezi huo. Alikuwa mhubiri wa Kikristo, nasi hatukubaliani naye katika itikadi. Lakini mazingatio hayana mpaka. Alikipata alichokingojea, na safari ile ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake. Alifariki mwezi wa Mei 1873, na baadhi ya watu aliowangojea Kwihara walikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wake, wakapita nao Tabora wakielekea pwani. Basi nani kati yetu awezaye kusema, hali angali akingoja, kwamba anakijua anachokiomba?

Turudi kwenye swali la kwanza. Je, wasiwasi ni dhambi? La hasha! Qurani Tukufu yatusimulia habari za Nabii Yakubu a.s. aliyempoteza mwanawe Yusufu. Alihuzunika mpaka huzuni hiyo ikaonekana machoni mwake, wala Mwenyezi Mungu hakumhesabu kuwa mpungufu wa imani. Lakini tazama mambo mawili aliyoyafanya. Mashtaka ya huzuni yake aliyapeleka kwa Mungu peke yake. Kisha akawatuma wanawe waende wakatafute, akiwakataza kukata tamaa na rehema ya Mola wao (12:85-88). Ni dhahiri, basi, kwamba moyo kudunda ni tabia ya kibinadamu. Kinachokatazwa ni kukata tamaa, na kuikunja mikono.

Swali la pili ni zito zaidi, wala si jipya. Huko India Sir Sayyid Ahmad Khan, mwanzilishi wa chuo cha Aligarh, alifundisha kuwa dua ni ibada yenye kumtuliza mwombaji tu, wala haileti kile kinachoombwa, kwa kuwa yote yamekwisha kukadiriwa. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alimjibu mwaka 1893 katika kitabu chake Barakatud-Dua. Hoja yake ni nyepesi kufahamika: ugonjwa nao umo katika kadari, lakini hakuna mwenye akili asemaye kuwa dawa haina nguvu. Kama Mwenyezi Mungu ametia athari katika majani na mizizi, itakuwaje aivue athari dua ya mja wake?

Kijana wetu atasema: lakini jibu langu limekwisha andikwa! Naam, huenda limeandikwa. Lakini Yule unayemwomba hakungoja usiku wa leo ndipo aijue dua yako. Aliijua kabla karani hajaketi mezani. Karani ndiye asiyeweza kurudi nyuma, na Mola wako hafungwi na saa. Tena uamuzi wa ofisi ni mlango mmoja tu. Yatakayokukuta baada ya mlango huo, ukifunguliwa au ukifungwa, bado yote yanahitaji dua.

Hapa pana jambo ambalo wengi hatulifikirii. Nafasi inayogombewa huenda ni moja, na waombaji ni wengi. Anayesema, "Ewe Mola, nipe mimi tu," huenda anaomba, pasipo kukusudia, kwamba jina la mwenzake likatwe. Na yule mwenzake, mtoto wa mjane wa Nzega au wa Sikonge, naye yuko katika sijda usiku huo huo. Mungu ni Mola wa wote wawili. Ndipo tuionapo hekima ya dua ya istikhara aliyotufundisha Mtume Mtukufu s.a.w. Ndani yake mja hamwamrishi Mola wake. Huomba ajaliwe jambo hilo likiwa ni la kheri kwa dini yake, maisha yake na mwisho wake. Na likiwa ni la shari, aepushwe nalo, apewe kheri popote ilipo na kuridhika nayo. Mwenye kuomba hivi hamdhulumu mtu.

Sisemi kwamba kila aliyekataliwa ataiona kheri yake mwezi ujao. Huenda wengine wasiione katika dunia hii. Qurani Tukufu yatuambia kwamba huenda tukachukia jambo nalo ni la kheri kwetu, lakini yaongeza kwamba ajuaye ni Mwenyezi Mungu, nasi hatujui (2:217). Kuridhika pasipo kujua ndiko kunakoitwa imani.

Na katika siku za kungoja tufanyeje? Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana, niliwahi kungoja kibali cha kwenda kusoma ng'ambo. Miezi saba niliacha kazi zote, nikawa mtu wa kuuliza barua. Jibu lilipokuja lilikuwa la kukataa. Kukataliwa kulinichoma, lakini mwaka uliofuata nilikubaliwa, na kidonda hicho kikapona. Miezi ile saba haikurudi hata leo.

Basi, kijana wangu, kiti ulichokikalia sasa ni amana. Kimelipiwa kwa jasho la wazazi wako au kwa mkopo utakaoulipa, na kuna aliyekililia asikipate. Soma hapo ulipo kana kwamba hutahama kamwe. Atakayekujia akiahidi kuisukuma karatasi yako kwa fedha, mkimbie. Njia kuu ikifungwa, tafuta nyingine iliyo halali, kama msafara ulivyozunguka kusini. Nanyi wazazi, msimuulize mtoto kila jioni kama jibu limekuja; mwombeeni. Na kesho alfajiri, udhu utangulie simu.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango yenye kheri, na ile iliyofungwa awape moyo wa kuipita kwa shukrani. Amin.