Bati la Walikale na Dhamiri ya Mwanamuziki

Kompyuta ya kurekodia na kumiksi muziki nyumbani huongezewa nguvu hasa katika sehemu tatu: kumbukumbu ya RAM, diski na prosesa. RAM ikiwa ndogo, ala za kidijitali hukwama katikati ya wimbo. Diski ya zamani ya kuzunguka ikibadilishwa na SSD, mradi wenye sauti nyingi hufunguka upesi. Prosesa ndiyo hubeba mwangwi na madoido mengine. Kila RAM au SSD mpya huja na bodi yake, na vijenzi vya bodi hushikizwa kwa lehemu. Tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia madini ya risasi katika vifaa vingi vya umeme mwaka 2006, aina ya lehemu iliyoenea sana ina bati asilimia 96.5, iliyobaki ni fedha na shaba. Baadhi ya kapasita ndogo za bodi hutengenezwa kwa tantali, inayotoka katika koltani.

Bati na koltani zimo ardhini Kivu ya Kaskazini, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Koltani huchimbwa Rubaya, katika teritwari ya Masisi; kasiterite, jiwe la bati, huchimbwa Bisie, katika teritwari ya Walikale. Katika miaka ya 2000 wenye bunduki, wanajeshi wa serikali miongoni mwao, waliwatoza wachimbaji wa Bisie sehemu ya walichokitoa shimoni. Hapo ndipo swali linapozaliwa: anayenunua RAM ili amiksi wimbo wa kwaya, je, anashiriki dhuluma hiyo?

Teolojia ya maadili ya Kikatoliki ina chombo cha kulipimia swali hili, kilichonolewa na Alphonsus Liguori katika karne ya 18. Hutenganisha ushirika wa nia, ambapo mtu anautaka uovu wa mwenzake, na ushirika wa tendo, ambapo tendo lake linausaidia uovu ambao yeye mwenyewe hautaki. Ushirika wa nia ni hatia daima. Ushirika wa tendo hupimwa kwa umbali wake na uzito wa sababu: kadiri tendo lilivyo mbali na uovu, ndivyo sababu nyepesi zaidi inavyotosha kulihalalisha. Mnunuzi wa RAM yuko mbali sana. Kati yake na shimo kuna mbeba mzigo, mnunuzi wa kijijini, wafanyabiashara wa Goma, kiwanda cha kuyeyushia barani Asia ambako bati la nchi nyingi huchanganywa, kisha kiwanda cha bodi. Hata hivyo, umbali haufuti haja ya sababu. Jambo hili husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo kiini cha fundisho lenyewe.

Wapo wanaolikata shauri kwa neno moja: kompyuta ndiyo iliyoleta vita. Historia ya Ntoto, pale Masisi na Walikale zinapokaribiana, haikubali urahisi huo. Mwezi Machi 1993 watu wenye asili ya Kinyarwanda walishambuliwa katika soko la Ntoto, na mauaji yakaenea Walikale na Masisi, yakichukua watu wa jamii zote. Wakati huo koltani ilikuwa haijapanda bei. Mlipuko wa bei ulikuja mwaka 2000. Chanzo kilikuwa ardhi, uchifu na uraia: Wabelgiji walianza kuhamishia Wanyarwanda Masisi mwaka 1937, na sheria ya Zaire ya mwaka 1981 ikawaacha wengi bila uraia. Madini yalikuja kuulisha moto uliokwisha kuwashwa. Ni haki kwa waliofiwa kwamba sababu za vifo vyao zitajwe zilivyo.

Kujinyima kabisa nako kuna waathirika, kama ilivyoonekana uchimbaji uliposimamishwa. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zieleze asili ya madini yao. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo, ambao hawakuwa na kazi nyingine, walikosa pesa ya chakula na ya karo za watoto.

Mwanafalsafa Iris Marion Young, katika kitabu kilichotolewa mwaka 2011 baada ya kifo chake, aliligeuza swali. Akitumia mfano wa viwanda vya nguo, alisema kwamba waliounganishwa na mfumo mmoja wa dhuluma si wote wenye hatia, lakini wote wana wajibu wa kuubadilisha. Jibu hili linaziba pengo la Liguori, anayempima mtu mmojammoja ilhali soko ni mamilioni.

Hata hivyo, kipimo cha Liguori bado kinadai sababu, na sababu ya kununua lazima ijulikane kiufundi. Mwimbaji akisikia sauti yake ikichelewa katika vipokea sauti, hudhani kompyuta imezeeka. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, akiba ya muda (buffer) ya sampuli 1,024 huchelewesha milisekunde 21, ya 128 chini ya 3. Hilo ni suala la mpangilio. Prosesa ikilemewa, sauti zenye madoido mazito hugandishwa kwanza, yaani hurekodiwa upya pamoja na madoido yake. Sauti moja ya biti 24 haifikishi megabaiti 9 kwa dakika, hivyo diski ya kawaida huimudu kwaya yenye maikrofoni nane. Lakini kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4, ikitakiwa kucheza ala zilizorekodiwa noti kwa noti, ina upungufu wa kweli, na RAM inayooana nayo iliyotolewa katika kompyuta iliyokufa huuziba bila bati jipya. Kompyuta ambayo RAM yake imelehemiwa kwenye bodi kuu haina nafasi hiyo. Shauri lake huamuliwa siku inaponunuliwa, kwa kuwa kuiongezea kumbukumbu baadaye ni kununua mashine nyingine nzima.