Kuni Hizi ni za Nani?



Ifikapo Machi, mtu apitaye vijiji vya Sikonge huona mabani ya tumbaku yakifuka moshi mchana na usiku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa kuni usiozimwa kwa muda wa karibu juma moja, na bani likiisha kutolewa hujazwa tena. Katika njia ile ile hupita mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, akitoka mbali kuliko alikokuwa akitoka mama yake. Moto wa bani twauita uchumi. Moto wa mama twauita uharibifu wa misitu. Yafaa tujiulize kama tunasema kweli.

Mara nyingi tumewafundisha akina mama kubana kuni: wazikaushe vizuri, waloweke maharage usiku kucha, wafunike sufuria, wajenge jiko banifu la udongo badala ya mafiga matatu, wazime moto chakula kikiiva. Mafundisho haya ni mema, wala hatuyafuti. Jiko banifu humpunguzia mama safari za porini na moshi wa machoni. Lakini tukiisha kumfundisha mama, huwa twajiona tumemaliza wajibu wetu. Mwenye kuchoma fungu dogo ameonywa, na mwenye kuchoma tela zima hakuguswa.

Wala tusimnyoshee kidole mkulima wa tumbaku peke yake. Tumbaku imelipa ada za watoto wetu, imeezeka nyumba zetu kwa bati, na sehemu yake imeingia katika kapu la sadaka. Mchoma mkaa naye, kwa tanuri la udongo, mara nyingi huteketeza kilo 5 hadi 10 za kuni apate kilo 1 ya mkaa. Lakini wanunuzi wa mkaa huo ni sisi tukaao mjini. Hata mrina asali, ambaye riziki yake ni maua ya miyombo, akibandua gome la mti kuuzunguka wote apate mzinga, mti ule hufa. Hakuna kati yetu awezaye kusema mikono yake haina masizi.

Basi wengine husema, "Kama wote twakata, kijiti changu kimoja kitaokoa nini?" Swali hili si la kipuuzi. Kuni alizoziacha mama leo, kesho zaweza kupakiwa katika lori. Kama hakuna mapatano, mwenye kujinyima humwekea akiba mwenye tamaa. Kwa hiyo kubana matumizi si jambo la jiko la mtu mmoja tu. Ni jambo la haki kati ya jirani na jirani.

Tuwatazame jirani zetu wa Shinyanga, waliofika mahali pabaya kuliko sisi. Miti yao ilifyekwa tangu wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, na mifugo ikazidi malisho. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mradi huo uliinua tena desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili: kutenga sehemu ya ardhi mvua zianzapo, isiguswe, ili malisho yapatikane wakati wa kiangazi. Ngitili nyingine zilikuwa za nyumba moja, nyingine za kijiji kizima, na wenyeji wenyewe walizilinda kwa mabaraza yao. Malaki ya hekta yakaota miti tena. Aliyejinyima alijua kwamba jirani yake naye amejinyima, na hapo kujinyima kukawa na maana.

Miyombo yetu nayo ina subira. Mtundu ukikatwa, kisiki chake huchipua, mradi moto na jembe visikifikie. Msitu hautuombi tusikate kabisa. Watuomba tuupe nafasi ya kurudi.

Torati ilimkataza mvunaji asivune mpaka pembeni mwa shamba lake, kwa maana pembe zile ziliachwa kwa ajili ya maskini na mgeni. Hakuambiwa agawe akipenda, aliamriwa aache. Na mgeni wetu sisi ni mtoto ambaye hajazaliwa. Tusiseme atajitafutia. Sisi wenyewe Tabora twapumzika chini ya miembe iliyoletwa zamani za misafara, nasi hatukumlipa aliyeipanda.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Twaupokea kwa shukrani. Lakini mtungi wa gesi hautazima moto wa bani, na katika nyumba nyingi za kijijini kuni zitaendelea kuwaka kwa muda.

Hivyo twaona utaratibu wa haki ni huu: mwenye kuchoma nyingi ndiye aanze. Mkulima ajenge bani linalotumia kuni chache, na awe na shamba lake la miti, aipalilie kama apaliliavyo tumbaku. Kijiji kitenge sehemu ya pori na kuilinda, bila kumwogopa mwenye lori. Sisi wa mjini tupunguze mkaa. Waume wajenge majiko banifu kwa mikono yao, na wabebe kuni siku chache wapate kujua umbali. Kisha, tukiisha kufanya hayo, ndipo turudi kwa mama na kumwambia afunike sufuria. Huenda tutamkuta amekwisha kuifunika siku nyingi.