Mchezo na Utu Uzima

Mchezo ni kitu chepesi, lakini swali lake ni zito. Kijana huulilia mchezo asioweza kuununua. Mtu mzima huununua, kisha akauacha. Jambo hili laonekana kila mahali katika zama zetu. Mtu aliyekuwa mtoto katika miaka ya 1990 aliitamani mashine ya michezo ya video kama mwenye kiu atamanivyo maji. Aliiona dukani, au nyumbani kwa jirani mwenye uwezo, akasimama mlangoni akingoja zamu ambayo aghalabu haikufika. Leo ana mshahara, ana televisheni pana kama dirisha, na mashine yenye nguvu nyingi kuliko ile aliyoililia. Huiwasha jioni baada ya kazi, akacheza nusu saa, akapiga miayo, akaizima. Kilichokuwa asali kimekuwa maji. Je, ulimi umebadilika, asali imetiwa maji, au njaa yenyewe imekwisha?

Nakuomba, msomaji, usilicheke swali hili. Wewe sasa u katika umri wa hamu, na wadhani kuwa ukipendacho leo utakipenda milele. Siku moja utakigusa kitu ulichokipenda nacho hakitakuitikia. Siku hiyo itakufaa kujua kwa nini hamu huondoka moyoni, kwa sababu mtu asiyejua kwa nini ameacha jambo hawezi kujua kama amekwenda mbele au amerudi nyuma.

Watu wengi wana jibu jepesi. Husema kuwa mchezo ni wa watoto, na mtu akikua huuacha kama aachavyo nguo zilizombana. Jibu hili lina heshima ya uzee, lakini halina ukweli wa kutosha. Nenda Lamu, au Mombasa, au Unguja, alasiri jua linapopunguza ukali wake, utawakuta wazee barazani wamelizunguka bao. Mbele yao pana mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mmoja ana wajukuu, mwingine amekwisha zika rafiki zake wote wa ujana. Walakini kila mmoja huchota kete na kuzisambaza kwa macho makali kama ya kijana wa miaka kumi na mitano. Fundi wa bao hukumbuka kete zilizolala katika nyumba ya mwenziwe bila kuzihesabu upya, naye hukasirika akishindwa. Hakuna amwambiaye mzee huyo kwamba amekuwa mtoto. Basi si umri peke yake uuao mchezo. Kama umri ungeua mchezo, baraza zetu zingekuwa kimya.

Wengine hujibu kuwa kosa ni la michezo yenyewe. Hawa wana hoja, nasi tuwasikilize kwa haki. Mwaka 1972 kampuni ya Atari nchini Marekani ilitoa mchezo ulioitwa Pong: vijiti viwili na nukta moja iliyorushwa huku na huku katika kioo. Mwaka 1984 Alexey Pajitnov alibuni Tetris mjini Moscow, mchezo wa kupanga vipande vishukavyo kutoka juu. Watoto wengi wa Kenya waliujua katika vimashine vidogo vya mkononi. Mwaka 1985 Nintendo ya Japani ilitoa Super Mario Bros. Aliyenunua mchezo wa namna hiyo kwa kuuchezea nyumbani alilipa mara moja, akaupeleka kwake, ukawa wake. Ulikaa kabatini kimya mpaka alipoutaka, wala haukumwita.

Intaneti ilibadili desturi hiyo. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliuza vazi la vita la farasi wa kuchorwa kwa dola mbili na nusu. Watu wengi walicheka, lakini biashara haikucheka, ilijifunza. Ikaja michezo ambayo mlango wake ni bure, ila kila chumba cha ndani kina bei. Ikaja ile inayompa mchezaji kazi za kila siku, na ukikosa leo unapoteza zawadi ya leo. Ikaja masanduku yanayonunuliwa kabla ya kujua kilichomo, na mwaka 2018 serikali ya Ubelgiji ikatamka kuwa baadhi ya masanduku hayo ni kamari. Mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 katika mashauri na tume ya biashara ya Marekani. Milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia watu, kwa kuwa tume ilishtaki kwamba vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya wachezaji walipe wasichokusudia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezo unaomwamsha mtu usiku kumwambia kuwa zawadi yake itapotea umekwisha anza kujitembeza.

Haya yote ni kweli, lakini hayatoshi. Mashine za mwanzo zilizowekwa katika kumbi za starehe zilikula sarafu, na ugumu wake ulipimwa ili sarafu nyingine ifuate. Tamaa ya muuzaji haikuzaliwa jana. Tena, si kweli kwamba leo hakuna mchezo mwema. Mwaka 2016 Eric Barone wa Marekani alitoa Stardew Valley, mchezo wa shamba na kijiji, alioutengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne: picha, muziki na maneno. Na uko ushahidi mkubwa kuliko huo. Mtu mzima anaweza kuurudia mchezo ule ule wa utotoni mwake, usiobadilika hata tofali moja, na bado akauona mtamu kwa dakika chache tu, kisha ukamchosha. Hapo asali haikutiwa maji na mtu. Hatuna budi, basi, kutazama ile njaa.

Mtoto huwa na njaa ya nini anapoukimbilia mchezo? Tazama maisha yake. Huambiwa saa ya kuamka, nguo ya kuvaa, chakula cha kula na mahali pa kukaa. Katika dunia ya kweli yeye ni mtumishi wa kila mtu. Katika mchezo ni jemadari. Darasani juhudi ya Januari hulipwa Novemba, pengine isilipwe kabisa. Katika mchezo juhudi hulipwa papo hapo. Duniani kosa huleta adhabu. Katika mchezo ukianguka unapewa uhai wa pili na wa tatu. Na juu ya hayo, pana rafiki aliyekaa ubavuni juu ya mkeka mmoja, au vijana walioshonana kibandani ambako mechi moja hulipiwa shilingi chache, wakicheka na kuteta. Mtoto hudhani anaupenda mchezo. Kwa kweli anapenda uwezo, ushindi, msamaha na usuhuba, ambavyo mchezo umemletea katika sahani moja.

Sasa mtazame mtu mzima. Uwezo anao, hata umemwelemea. Wahenga wetu walisema ukubwa ni jaa: kila takataka ya ukoo humwagwa kwake. Ana karo ya kulipa, mgonjwa wa kuuguza, shamba lisilongoja. Akishinda, ushindi wake waonekana: mtoto amefaulu, nyumba imeezekwa, deni limekwisha. Akikosea, hapewi uhai wa pili. Mtu aliyekwisha kuonja ugumu wa kweli huuona ugumu wa kubuni kuwa mwepesi mdomoni. Na mchezo wa leo ukimpa orodha ya kazi za kutimiza kabla ya usiku wa manane, humkumbusha ofisi aliyoikimbia saa kumi na moja jioni. Mwanachuoni wa Uholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya mchezo, alieleza kuwa sharti la kwanza la mchezo ni uhuru: mchezo wa kuamrishwa si mchezo tena. Na yule rafiki wa mkekani yu wapi? Amehamia mji mwingine, naye ana jaa lake.

Kwa kipimo hiki twaweza kumwelewa na mzee wa bao. Bao halimpi uwezo, maana ameutua. Wala halimpi ndoto, maana ameziota za kutosha. Lampa mtu wa kukaa naye, na akili ya mwenziwe ya kupambana na yake. Ndiyo njaa ya umri wake, na bao laishibisha. Hamu haifi kwa sababu ya miaka, hufuata haja.

Hapa ndipo nakuomba uwe mwangalifu, maana pana hamu iliyohama na pana hamu iliyokufa, nazo zafanana kwa nje kama mapacha. Mtu wa kwanza ameacha michezo ya video kwa kuwa moyo wake umehamia kwingine: anafuga nyuki, anafundisha watoto wa jirani kusoma, anaimba katika kwaya. Mtu wa pili ameacha michezo, na vitabu, na marafiki, na shamba. Jioni hukaa akipitisha kidole juu ya simu bila kujua anatafuta nini. Wote wawili husema, “Nimekua.” Mmoja asema kweli. Embe lililoiva na embe lililonyauka yote mawili yameacha ubichi, lakini moja lina utamu na jingine limebaki ganda na kokwa. Kunyauka si kuiva. Mtu wa pili hastahili kusifiwa kwa utu uzima wake, wala kuchekwa; astahili kuulizwa hali, maana huenda amechoka kuliko anavyojua.

Utauliza: kuna hasara gani mtu akiacha kucheza kabisa na kushika kazi tu? Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani ya kale, alifundisha kuwa twacheza ili tupate kufanya kazi, wala hatuishi kwa ajili ya kucheza. Ni kweli, mchezo ukiwa bwana, mtu huwa mtumwa, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilikubali kuuingiza uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya maradhi. Lakini kuna ubaya upande wa pili pia. Mchezo humfundisha mtu kutenda jambo kwa uzuri wake, pasipo malipo. Mtu aliyesahau kabisa somo hilo hupima kila saa kwa faida. Atamtembelea rafiki akiwa na haja. Atasoma kitabu kikiwa na mtihani. Mtu asiyeweza kufanya lolote bila kuhesabu faida, mwisho wake huwahesabu na watu. Hiyo ndiyo hasara, nayo si ndogo.

Basi wewe kijana, usiuone mchezo wako kuwa aibu, wala usimdharau mkubwa wako asiyeuona utamu wake. Na mkubwa naye asikuite mpumbavu kwa njaa ambayo yeye mwenyewe alikuwa nayo jana. Bali uulize mchezo wako maswali matatu. Je, una mwisho, au umetengenezwa usiishe? Je, huniacha niende niutakapo kuuacha? Je, nikiuzima, kuna kilichobaki mkononi mwangu, au moyoni mwangu, au baina yangu na mwenzangu? Mchezo unaojibu vyema ni rafiki wa ujana wako. Usiojibu wakuchezea wewe.

Na siku hamu itakapokuaga, usiishike nguo ukiililia, wala usijisifu kuwa umekomaa. Itazame njia inayoishika. Ukiiona inaelekea kwenye kazi yenye maana, au kwa watu, au kwenye maarifa, ifuate upesi, maana imekwenda kukufungulia mlango. Ukiiona haielekei popote, usikae peke yako: mtafute rafiki, tandikeni mkeka, mtoe bao.