Msafiri Arudipo, Amebeba Nini?



Wako watu wasemao kwamba elimu ni nuru, na kwa hiyo kila aongezaye habari huongeza nuru moyoni mwake. Je, ni kweli? Mtu aliyefika mbali akarudi na mali nyingi na habari nyingi, amekuwa bora kuliko alivyoondoka? Na tuipime hoja hii kwa safari moja mashuhuri.

Mwezi wa Julai 1497 Vasco da Gama aliondoka Lisbon na merikebu nne. Aprili 1498 alifika Malindi, na Sultani akampokea vyema. Alihitaji rubani wa kumvusha bahari. Alipoona anakawia kuletwa, alimzuia merikebuni mtumishi wa Sultani mpaka rubani akapatikana. Kwa ujuzi wa rubani huyo, mtu wa Gujarat, walivuka hadi Bara Hindi kwa siku 23. Huko Calicut Wareno waliingizwa katika hekalu la Wahindu. Waliona sanamu, wakadhani ni kanisa, wakasali humo. Mwaka 1499 walirudi kwao na viungo, na pia na habari kwamba watu wa Calicut ni Wakristo.

Tafakari hapo, ndugu yangu. Viungo vilikuwa vya kweli, lakini habari haikuwa ya kweli, wala hakuna aliyekusudia kusema uwongo. Macho yalitazama, lakini moyo ulikuwa umekwisha kata shauri tangu nyumbani.

Liko na jambo lililo zito zaidi. Katika kurudi waliondoka Bara Hindi kabla kaskazi haijaanza kuvuma sawasawa, na bahari ile ya siku 23 ikawachukua karibu miezi mitatu. Wengi walikufa kwa kiseyeye. Januari 1499 waliofika Malindi waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao, nao wakapewa. Je, habari ya wema huo iliwafaa nini watu wa pwani? Mwaka 1502 da Gama alirudi na kundi kubwa la merikebu, akakamata chombo cha mahujaji waliotoka Makka, akakipora, kisha akakichoma moto pamoja na wanawake na watoto waliokuwamo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Njia ya baharini ilihifadhiwa barabara katika ramani. Deni la machungwa halikuandikwa popote.

Lakini usiifunge hesabu hapo, ukadhani kosa ni la Wazungu peke yao. Ibn Battuta, kadhi na msafiri wa Kiislamu, alifika Kilwa mwaka 1331. Alimsifu Sultani wa huko kwa ukarimu wake kwa maskini. Alieleza pia kwamba Sultani huyo alikuwa akiwashambulia majirani zake wa bara na kuteka ngawira, kisha akiitenga sehemu ya tano kama sheria isemavyo. Hesabu ya ngawira tunayo. Kilio cha walioshambuliwa hatunacho. Basi jina la Uislamu peke yake halimponyi mtu na upofu huu.

Huenda ukauliza: kama ni hivyo, elimu ndiyo mbaya? La, hasha! Elimu ya pepo humfikisha haji Makka, na humfikisha haramia kwenye chombo cha haji. Kinachotenganisha safari hizi mbili ni nia, na Mtukufu Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia. Kurani Tukufu nayo inatuambia kuwa tulifanywa mataifa na makabila ili tupate kujuana. Liangalie neno hilo vizuri. Kujua aweza mtu mmoja. Kujuana hakuwezekani ila kwa wawili. Anayejua bei ya pilipili yako, wala hataki kujua uchungu wako, hajakujua bado.

Wewe unayeitafuta dini ya kweli u msafiri pia. Waweza kukusanya hoja na aya za kuwashindia watu barazani, ukarudi nyumbani na mzigo mkubwa na moyo ule ule. Nasi waalimu tunaotumwa katika nchi za watu hatukusalimika. Anayefundisha watu asiopenda kujifunza kwao huingia hekaluni akaona kanisa lake mwenyewe. Kwa hiyo kila jioni yatupasa kujiuliza: leo nimeona lililopo, au nimeona nililolitaka? Na yule aliyenipa chungwa nilipokuwa mgonjwa, nimemlipa nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na elimu isiyolainisha moyo. Amin.