Jiwe la Nani?

Nilikuwa na miaka 16 nilipomwona mtu akiuawa kwa ajili ya simu. Ilikuwa Huruma, Nairobi, jioni, mvua imetoka kunyesha. Kijana alinyakua simu kupitia dirisha la matatu, mtu akapaza sauti "mwizi!", na kabla gari halijasogea hatua kumi alikuwa ameshaangushwa mtaroni. Mimi nilikuwa na jiwe mkononi. Kama nililirusha, sijui. Kila nikikumbuka, kumbukumbu inafika pale jiwe liko mkononi, baridi, lina tope upande mmoja. Kisha inaruka hadi nyumbani, ugali na sukuma viko mbele yangu na mama ananiuliza mbona sili.

Nalitaja mapema kwa sababu nataka kuzungumzia benki, na kuhusu benki sisi wa Eastlands tuna msemo wetu tayari. Benki ikianguka, jioni hiyohiyo utausikia kuanzia kwa kinyozi wa Kariobangi hadi kibanda cha chapati Kayole: mwizi wa simu anavishwa tairi, mwizi wa mabilioni anavishwa suti na kutafutiwa wakili. Ni msemo wa kweli, na hasira yake ni ya haki. Lakini umebeba dhana inayonisumbua: kwamba mtaa, pamoja na ukatili wake, angalau unajua kumwajibisha mtu, na kasoro iko kule tu kwenye majumba ya vioo, Upper Hill na Westlands. Mimi naona umati wa Huruma na bodi ya benki ni ndugu wa tumbo moja.

Chukua Imperial Bank. Septemba 2015 mkurugenzi wake mkuu, Abdulmalek Janmohamed, alifariki. Wiki chache baadaye wakurugenzi wenzake wakapeleka habari Benki Kuu kwamba vitabu havikuwa kama vilivyoonekana, na tarehe 13 Oktoba milango ikafungwa. Pengo lilihesabiwa kwa makumi ya mabilioni ya shilingi. Mwaka huohuo benki hiyo ilikuwa imeuzia umma hatifungani za shilingi bilioni 2, na walionunua walikuwa wamesoma hesabu zake wakaziona nzuri.

Basi nani ajibu? Wenye hisa wakasema nao walidanganywa kama wateja. Benki Kuu ikaulizwa wakaguzi wake walikuwa wakiangalia nini miaka yote hiyo. Watu wakapelekana mahakamani, kila upande ukiunyooshea mwingine kidole, na katikati ya vidole hivyo alikuwepo mtu mmoja tu ambaye ungeweza kumlaumu bila hofu ya kujibiwa: marehemu. Benki yenyewe iliingizwa katika ufilisi Desemba 2021, wakati watoto waliokuwa darasa la kwanza milango ilipofungwa wamekaribia kumaliza shule ya msingi.

Simtetei marehemu. Nasema tu kwamba mkopo wa uongo hupita mikono mingi. Kuna aliyejaza fomu, aliyeidhinisha, aliyeingiza tarakimu kwenye kompyuta, na aliyeona jina halilingani akanyamaza kwa sababu karo ya mtoto inatoka hapohapo. Kuna aliyepiga muhuri akiwaza chakula cha mchana. Kila mmoja wao ana jiwe moja. Na jiwe moja haliui mtu.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu, na sidhani ni ngumu kwa mahakama peke yake. Ikiwa watu 30 walirusha kila mmoja jiwe lake, na hakuna jiwe moja lililotosha kuua, hatia ya kila mmoja ni ngapi? Wengi wetu, bila kutamka, tunaigawa hatia kama nyama ya mbuzi: walaji wakiwa wengi, kila mtu anapata kipande kidogo, na wakizidi sana kipande hakionekani hata kwenye meno. Lakini kuna vitu havigawanyiki hivyo. Jirani akija na kijiko chake kuomba kaa la moto ili awashe jiko, moto wangu haupungui. Wakija majirani kumi, majiko kumi na moja yatawaka. Nadhani hatia ni ya ukoo wa moto. Wanasheria wa makampuni wanalipwa vizuri watuaminishe ni nyama.

Tazama faini. Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizitoza benki tano jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa namna zilivyopitisha pesa za kashfa ya NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa. KCB ililipa kubwa kuliko zote, milioni 149.5. Gazeti likaandika "benki zaadhibiwa", nasi tukaridhika kwa siku mbili. Ila mwenye hisa mkubwa wa KCB ni Hazina ya Taifa, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo imo. Kwa hiyo sehemu ya adhabu ile ilitoka mfuko mmoja wa serikali ikaingia mwingine, ikipitia akiba ya uzeeni ya fundi anayekata mabati Industrial Area. Fundi huyo hakujua kwamba ameadhibiwa. Na aliyekuwa dirishani siku zile pesa zilipotoka kwa mifuko, au meneja wake, au meneja wa meneja wake? Benki ilikosea, benki ikalipa. Benki haina shingo.

Sisi wenyewe tunaisaidia kwa lugha. Kila mtoto wa Buruburu anajua kikombe hakivunjwi, kikombe huvunjika. Alikiacha pale mezani, amerudi, amekikuta kimevunjika. Basi nasi watu wazima tunasema benki imeanguka, pesa zimepotea. Chase Bank ilipofungwa tarehe 7 Aprili 2016, hesabu zake za mwaka uliotangulia zilikuwa zimetolewa mara mbili, na mikopo ya watu wa ndani ikawa imevimba kwa mabilioni kati ya toleo la kwanza na la pili. Imevimba, kama mguu. Embe likianguka huenda ni upepo, lakini huenda pia kuna aliyeliangua, na sarufi yetu inaturuhusu kuuliza juu ya embe bila kumgusa mtu aliye mtini. Ajabu ni kwamba neno tunalolitegemea kuwabana wakubwa, kuwajibika, lina mkia uleule wa kuvunjika. Wataalamu watasema limetoka kwenye wajibu, na wajibu na jibu ni mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Wako sahihi. Ila sikio la mtaani likisikia "kuwajibika" linasikia jibu ndani yake, na sitaki kulisahihisha.

Maana jibu nimewahi kulisikia mara moja. Shangazi yangu ni mwanachama wa chama cha akina mama 22 huko Umoja. Walikuwa wakichangia shamba dogo upande wa Joska, na pesa wameziweka katika benki ambayo sitaitaja. Asubuhi moja wakakuta karatasi imebandikwa mlangoni na bawabu anajifanya hawaoni. Mimi niliitwa kikaoni nisome barua ya mrasimu, yule aliyekabidhiwa benki baada ya kufungwa, kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza cha kisheria. Niliisoma. Kurasa mbili, na hakuna sentensi hata moja iliyokuwa na mtu ndani yake.

Nilipomaliza, mama mmoja akageuka, akamtazama mwekahazina. "Si wewe ulituambia pale wanalipa riba nzuri?"

Chumba kikanyamaza. Mwekahazina alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa kweli: kwamba walipiga kura, kwamba benki ilikuwa na leseni, kwamba hata serikali ilidanganyika. Alivuta kiti mbele hadi katikati, akaweka daftari mapajani, akasema, "Ni mimi. Mimi ndiye nilisema tupeleke pale. Nilipeleka kwa mkono wangu."

Kisha akafungua daftari. Stakabadhi za kila mwezi zimebanwa kwa pini, pembe zimekunjika, baadhi zina alama za mafuta ya kupikia. Akazisoma moja moja, tarehe na kiasi. Akina mama wakampigia kelele saa nzima na zaidi. Mmoja alilia, mwingine akasema neno ambalo sitaliandika. Halafu mtu akasonga jikoni, akawasha gesi, na chai ikaja.

Nimelifikiria jambo hili kuliko barua zote za mrasimu. Pesa hazikuwa zimerudi. Sehemu yazo haijarudi mpaka leo. Mwanamke yule hakuiba hata ndururu. Kwa hesabu yoyote ya haki, yeye ndiye aliyekuwa na hatia ndogo kuliko wote walioigusa pesa ile tangu itoke kwenye vitambaa vya akina mama hadi ikapotelea huko ilikopotelea. Na bado hasira ilishuka. Haikuwa imeshiba, ila ilikuwa imepata mtu wa kukaa kwenye kiti na kusema mimi ndiye. Naona hiyo ndiyo njaa yenyewe ya hasira za namna hii, kabla ya jela na hata kabla ya pesa. Umati hauishibishi, maana ukimaliza na mtu wako mtaroni hakuna anayeweza kusema mimi ndiye. Kila mmoja ameshaingia kwenye ugali wake. Hata jela inaishibisha nusu. Iceland, nchi ambayo watu wake wote wangeingia Embakasi na nafasi ikabaki, iliwafunga wakubwa kadhaa wa benki zake zilizoanguka 2008, na kwa hilo nawapa heshima. Lakini mtu anaweza kutumikia kifungo kizima mdomo wake umefumba.

Sitaki kukipamba chama. Kuna mama ambaye tangu siku ile hajamsalimia mwekahazina. Na vyama vimeliwa na wawekahazina wake, usiku, nyumba ikakutwa tupu. Nayo sacco, kaka mkubwa wa chama, imetuonyesha yake: mwanzoni mwa 2025 ripoti ya ukaguzi wa KUSCCO, mwavuli wa sacco za nchi, ilizungumzia pengo la shilingi bilioni 13.3, na ikasema hesabu zilikuwa na sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufariki. Kwa Imperial marehemu alibeba lawama. Huku marehemu alishika kalamu.

Wale mama wa Umoja sasa wana sanduku la chuma kwa mikopo midogo. Lina kufuli tatu na funguo tatu, kila moja kwa mama wake. Nilidhani ni ujanja uleule wa bodi, wa kuigawa nyama. Shangazi akanicheka. Mmoja peke yake hawezi kufungua, akasema, lakini pesa ikikosekana tunawaita wote watatu, na kila mmoja anajibia sanduku zima, si kufuli yake.

Mwekahazina bado ana ufunguo mmoja. Mwezi uliopita nilimpelekea mchango wa shangazi, nikamkuta barazani anamenya minji. Sijui kilichonituma, nikamweleza habari ya Huruma, kijana, mtaro, jiwe. Nikamwambia sikumbuki kama nililirusha. Aliendelea kumenya kwa muda bila kuinua macho.

"Lilikuwa kubwa kiasi gani?" akauliza.

Nikakunja kiganja, nikamwonyesha.