Kabla Hujafunga Turbo Mkiani

Mwanangu, seti ya turbo unayotaka kuinunua, ile inayofungwa nyuma mahali pa sailensa, si utapeli. Naanza na hilo kwa sababu mafundi wengi wa rika langu watakwambia ni upuuzi kabla hujamaliza kueleza, na kijana akishagundua kwamba mzee amekosea jambo la kwanza, hamsikilizi tena la pili. Mfumo huo unafanya kazi, na si wa jana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege ya kivita ya Marekani, P-47 Thunderbolt, ilikuwa na injini puani na turbo nyuma ya rubani. Moshi ulisafiri kwa mabomba chini ya tumbo la ndege hadi kwenye turbo, na hewa iliyokandamizwa huko ikapozwa na kurudishwa mbele kwenye silinda 18. Ziliundwa zaidi ya 15,000, zikapigana juu kabisa ambako hewa ni nyepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Squires Turbo Systems ya Utah ikalileta wazo hilo hilo kwenye magari ya kawaida, Camaro na Corvette zenye V8 ambazo boneti zake hazina pa kupenyeza hata mkono.

Kwa hiyo sikukanyi kwa kudai kwamba haiwezekani. Nakukanya kwa sababu seti hii ni nyepesi kuifunga na nzito kuitunza, na anayekuuzia amekueleza ule upande mwepesi peke yake.

Faida zake nazikubali. Mark X yako ina V6 iliyojaza chumba chote cha mbele. Ukitaka turbo pale itabidi uchomelee manifoldi mpya, uhamishe vitu, na joto lake likaange nyaya na mipira iliyo jirani. Nyuma nafasi ipo, na ekzosi inafika tayari. Unatoa sailensa, turbo yenyewe inapunguza kelele, na hewa inaanza kupoa ndani ya bomba refu inaporudi mbele. Ukichoka nayo unafungua bolti na kurudisha kilichokuwepo. Halafu wewe unapanda Mbeya kila mara kwa biashara, unajua gari lisilo na turbo linavyochoka kule. Kwenye mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa imepungua kwa karibu sehemu moja kati ya tano, na injini haiwezi kuvuta kisichokuwepo. Turbo inafidia pengo hilo. Walioiunda ile ndege walikuwa na hoja hiyo hiyo.

Wapinzani wake hukimbilia kusema bomba ni refu mno, kwamba utakanyaga mafuta Kimara ukasubiri nguvu mpaka Mbezi. Hebu tupige hesabu. Bomba la kipenyo cha milimita 63 lenye urefu wa mita tatu na nusu lina ujazo wa lita 11 hivi. Injini ya lita 2.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huku umekanyaga hadi chini, inavuta karibu lita 60 za hewa kila sekunde. Kulijaza bomba hilo kwa mgandamizo mdogo wa psi 5 au 6 ni suala la kufumba na kufumbua. Urefu wa bomba si adui mkubwa.

Kinachochelewesha ni joto linalopotea njiani. Moshi wa petroli unatoka kwenye silinda ukiwa na nyuzi 800 hadi 900 injini inapobeba mzigo, na mpaka ufike mkiani umeshapoteza mamia ya nyuzi. Ukipoa unasinyaa, na ukisinyaa kasi yake inapungua. Ndiyo maana turbo ya nyuma inahitaji nyumba ndogo ya turbini kuliko ile ambayo ungefunga mbele. Vijana wengi wanachukua turbo iliyotolewa kwenye gari lingine, kubwa, inayopendeza kwa macho, wanaifunga nyuma, halafu wanalaumu mfumo. Tatizo lilianza pale walipochagua kwa macho.

Sasa nije kwenye oili, na hapa naomba usiruke mstari.

Shafti ya turbo inaelea juu ya utando mwembamba wa oili na inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Turbo ikiwa mbele, oili inaingia kwa presha ya injini, inapita kwenye beringi, kisha inadondoka kwa uzito wake wenyewe kupitia bomba nene hadi kwenye sampu. Hakuna pampu ya kuirudisha wala waya wa kukatika. Inateremka tu, maana turbo iko juu na sampu iko chini.

Ukiihamishia turbo mkiani, mteremko huo haupo tena. Turbo sasa iko sawa na sampu au chini yake, na kati yao kuna mita tatu za sakafu ya gari. Oili inayotoka kwenye beringi imechanganyika na hewa, imekuwa povu la moto, na lazima ifyonzwe na pampu ndogo ya umeme ya volti 12 iliyofungwa chini ya gari, kwenye vumbi na maji. Maisha ya injini yako yameshikwa na pampu hiyo, fyuzi yake na waya wake.

Pampu ikisimama huku injini inaunguruma, hutasikia kitu. Mbele oili inaendelea kusukumwa, nyuma haiondoki. Nyumba ya beringi inajaa. Sili za turbo si mpira wa kuziba maji, ni pete nyembamba za chuma, na nyumba ikishajaa zinapitisha. Upande wa turbini oili inaangukia kwenye ekzosi yenye moto, na gari linatoa moshi wa buluu ambao wa nyuma yako wanauona kabla yako. Upande wa kompresa inaingia kwenye bomba la hewa na kupelekwa kwenye silinda, ambako inaungua vibaya na kuifanya injini igonge. Wakati huo huo kiwango kwenye sampu kinashuka. Taa nyekundu ya dashibodi ikiwaka, pampu kubwa ya injini imeshaanza kufyonza hewa, na beringi za kreki zimeshakwanguka.

Kuna njia nyingine ya kuumia, nayo ni ya haraka zaidi. Mpira unaopeleka oili nyuma una presha yote ya injini ndani yake, na unapita jirani na ekzosi. Ukikatwa na jiwe au ukiungua kwa kugusa bomba, sampu inaweza kukauka katika dakika chache, tena oili inamwagikia chuma chenye moto. Gari likishika moto kutokea chini, abiria wa siti ya nyuma ndio wanaokuwa juu ya moto huo. Nakuandikia hili nikijua kwamba mdogo wako wa kike na watoto wa dada yako ndio wanaokaa siti hiyo.

Ukija gereji, mwambie fundi yeyote akuonyeshe turbo iliyonyimwa oili. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili uitikise. Nzima ina mchezo mdogo sana wa kwenda pembeni, na ukiivuta mbele na nyuma karibu huhisi kitu. Iliyokufa inagonga ukingoni: mapanga ya kompresa yamechora mstari unaong'aa kwenye ukuta wa alumini, na shafti pale beringi ilipokaa imebadilika rangi, imekuwa ya samawati iliyochanganyika na kahawia. Mapanga hayo yakivunjika, vipande vyake vina njia moja tu, mbele, kuelekea kwenye injini.

Kuhusu maji na vumbi sitakaa sana, maana barabara unazijua. Filta ya hewa ya seti nyingi inakaa karibu na tairi la nyuma, mahali ambapo tairi linarusha kila linachokiokota. Mchanga ukipita kwenye filta mbovu unakula ncha za mapanga polepole. Masika Jangwani ikijaa, gari ambalo jana lingepita kwa sababu pua yake ya hewa iko juu, kesho litavuta maji kwa mkia, na maji kwenye silinda hayakandamiziki. Yanakunja koni rodi. Matuta nayo yana hesabu yake: kitu cha chini kabisa kwenye gari lako sasa kitakuwa kifaa ghali kuliko vyote ulivyofunga. Na kwa sisi wa pwani, chumvi inakula mabomba ya chuma cha kawaida mapema mno.

Lakini hata ukiimudu oili, ukainua filta na kuweka bamba la kukinga turbo, bado hatujafika kwenye kinachonikosesha usingizi kuhusu gari lako wewe. Ni injini yenyewe.

Mark X iliyotoka mwaka 2004 yenye lita 2.5 ina injini ya 4GR-FSE. Kompresheni yake ni 12 kwa 1, na nozeli zake zinanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Toyota waliiunda ipate nguvu bila turbo, kwa kukandamiza kile inachovuta hadi karibu na mwisho wa uvumilivu wa petroli. Sasa linganisha na 1JZ-GTE, injini ya lita 2.5 vilevile, iliyozaliwa na turbo: zile za mwanzo zina kompresheni ya 8.5 kwa 1. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ambayo wahandisi waliiachia turbo. Kwenye injini yako nafasi hiyo haipo. Ukiongeza hewa juu ya 12 kwa 1, mchanganyiko unajiwasha wenyewe kabla ya wakati, injini inagonga, na pistoni inavunjika pale kwenye mifereji ya pete. Kontrol boksi itajitahidi kuchelewesha cheche kuiokoa, lakini hiyo hiyo inakunyang'anya nguvu uliyoilipia.

Waliojaribu turbo kwenye kompresheni kubwa kabla yetu wapo. Mwaka 1962 Oldsmobile walitoa Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na turbo. Kompresheni yake ilikuwa 10.25 kwa 1, chini ya hiyo ya kwako, na bado ilibidi waweke tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli ya kunyunyizia injini ili isigonge. Wateja walisahau kulijaza tangi, gari likapoteza nguvu, malalamiko yakazidi, na kampuni ikaishia kuwapa wenye magari hayo nafasi ya kuondolewa turbo. Wale walikuwa na kiwanda kizima nyuma yao. Wewe una fundi mmoja wa kuchomelea na seti inayokuja kwenye boksi isiyosema chochote kuhusu petroli ya ziada, nozeli wala jinsi ya kuipanga upya kontrol boksi. Rahisi ni ghali, mwanangu, na kwenye injini ughali wake unaonekana siku moja, wote kwa pamoja.

Ongeza na hili: injini nyingi za aina hiyo zinazotufikia gereji tayari zinakula oili. Pete zimechoka, vali za hewa zimejaa masizi. Kuipa turbo injini inayokunywa oili ni kuipa kazi ya pili wakati ya kwanza imeishinda.

Breki na matairi sitayahesabu kama ushauri wa ziada. Yanatangulia. Gari lililoongezewa nguvu likabaki na diski zile zile na matairi ya mtumba ni hatari kwa mtu ambaye hata hakujui, mama anayevuka Bagamoyo Road na ndoo kichwani, kijana wa bodaboda anayekatiza mbele yako. Zipo sehemu nyingi zenye kibao cha 50, na trafiki wenye tochi si adui zako. Iarifu pia bima kwa maandishi, kwa sababu siku ya ajali watafungua boneti, na wataangalia chini vilevile.

Ikiwa bado moyo unaitaka, basi sikiliza masharti yangu. Pima kompresheni kwenye silinda zote sita kabla hujatoa shilingi. Kama moja imelegea, hakuna turbo. Ukubali psi chache, na mtu mwenye mashine ya kusoma mchanganyiko wa petroli akupangie kontrol boksi gari likiwa na mzigo, si likiwa limesimama uani. Mipira ya oili iwe ya kufumwa kwa chuma, ipite mbali na ekzosi, na ishikiliwe kila baada ya kipande kifupi. Weka mita ya presha kule kule kwenye turbo, na taa ya kukuonya pampu ikikosa umeme. Iwepo vali ya kuzuia oili isiteremke kwenye turbo ukizima gari, na pampu iendelee kufyonza kidogo baada ya kuzima. Oili ubadilishe mapema kuliko ulivyozoea, na kila Jumamosi uingie chini ya gari na kitambaa cheupe, ufute kila kiungo, uangalie kilichobaki kwenye kitambaa. Kama kazi hiyo ya Jumamosi unaiona kubwa, iuze Mark X utafute Chaser yenye 1JZ-GTE iliyo nzima. Itakugharimu muda kuipata, lakini nguvu hiyo ilipangwa na waliokuwa na kazi hiyo.

Na ukishaagiza seti, usiipeleke moja kwa moja kufungwa. Niletee kwanza ile pampu ya kurudisha oili, peke yake, pamoja na betri na galoni ya oili chakavu. Tutaipasha oili moto, tutaifungia pampu waya, tuiache ifyonze saa nzima mfululizo juu ya meza. Kama itapunguza mwendo au ikashikika kabla ya saa kuisha, utairudisha dukani siku hiyo hiyo ukiwa na risiti mkononi.